Pikapu Yako na Uchawi wa Mama

Baba Kosmas,

Neno "mpendwa" nimeliandika, nikalitazama, nikalifuta. Nakuandikia waziwazi ili hata majirani zako wa Lizaboni wasome, maana mama yangu ulimchafua hadharani, si chumbani.

Unakumbuka ulivyoingia Songea na pikapu mpya kutoka Dar? Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa, kila mwenye magunia mawili ya mahindi alijiita mfanyabiashara. Ulipiga honi kuanzia sokoni mpaka mlangoni. Ulikataza nailoni ya viti isitolewe, nikawa nashuka gauni limenigandia mgongoni. Padri alipomaliza kuibariki, ukawasha, ikakohoa, ikazima. Ukaninong'oneza, "Maji ya baraka yameingia kwenye waya." Nilicheka. Wakati huo nilikuwa bado nakupenda.

Baada ya maji ya baraka ikawa dizeli chafu. Halafu vumbi la Namtumbo. Halafu wivu wa watu. Kila kitu kilikuwa kibovu isipokuwa gari. "Gari jipya haliumwi," ulisema, umeinamia boneti, mikono myeusi mpaka viwikoni. Rafiki yako wa Bombambili alinunua ya aina hiyohiyo, duka lilelile, nayo ikawa inazima vilevile. Yeye aliamua kuirudisha Dar, akakusihi mwende pamoja. Ukamjibu, "Nikirudi Songea kwa basi watu watanicheka."

Kisha ikaja siku tuliyomchukua mama kutoka Lumecha. Mbele palikuwa na nafasi, lakini mama alijua heshima ya mkwe. Alipanda nyuma na abiria wako, juu ya magunia, kanga kichwani, asikutane na uso wako. Mlimani ikazima. Tukashuka wote kusukuma. Mama mkwe wako, Baba Kosmas, alisukuma gari lako kwa mikono miwili, na wewe umekaa juu ya nailoni umeshika usukani. Lilipokataa kuwaka ukatoka, ukasema mbele ya abiria wote, "Huyu bibi ndiye ameniroga gari."

Mama alifunga kanga yake vizuri, akarudi Lumecha kwa miguu. Hakukanyaga tena nyumbani kwako. Wajukuu aliwaona kanisani tu, na hata huko wanawake walimwachia benchi zima. Nilikupigia magoti uende ukamwombe radhi. Ukasema, "Gari likipona, nitajua si yeye."

Halikupona. Mama akafa na jina hilo.

Tulipotoka kumzika, pikapu ikazima palepale mlimani, na mchawi wako yumo kaburini. Nilidhani sasa utaona haya. Badala yake ukanigeukia mimi, ukasema nimerithi. Ukanirudisha kwetu na sanduku langu, tena kwa basi, maana pikapu siku hiyo iligoma kuwaka.

Nilikuchukia muda mrefu, nikachoka. Siku hizi nakudharau tu, na usiku nalala vizuri. Ninayemlilia ni mama.

Kosmas amerudi jana kutoka kukusalimia. Anasema unaishi peke yako, na kila asubuhi unasimama barabarani kuomba wapita njia wakusukume. Mama hayupo. Mimi sipo. Hapo nyumbani amebaki mtu mmoja tu, Baba Kosmas. Muulize huyo anakurogea nini.

Baki salama na nailoni yako.

Mimi,
Mtoto wa mchawi wako