Vitufe Viwili vya Mwaliko

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimegombana tena na Valens, na safari hii kwa sababu ya kitufe. Kitufe! Miaka minne tunapendana, karibu miwili tunafanya kazi pamoja katika chumba hiki cha Nyakabanda juu ya karakana ya seremala, halafu tunanuniana kwa ajili ya kitufe.

Tovuti yetu ya mialiko ya harusi iko karibu kufunguliwa kwa wateja. Maharusi wanajaza majina, tarehe, mahali, picha. Wageni wanapata linki kwenye simu, wanajibu. Mimi nimeweka vitufe viwili. Cha kijani: Nitakuja. Cha kijivu: Sitaweza kuja. Vikubwa, kidole gumba hakikosei hata kikiwa na udongo wa shamba. Valens anataka cha tatu: Bado sijui. Nikamwambia mtu anajua kama anakuja au haji. Na kwenye kioo kidogo, cha tatu kinasukuma vingine chini, watu hawavioni. Akasema mimi ni jiwe. Sawa — jiwe limeshinda. Viwili tu!

Akaondoka kwenda kwa wazazi wake Kanombe. Siku hizi kila mara ni Kanombe.

Jumatano, 4 Juni

Gahanga, kwa Mama. Kupima. Sijawahi kusema ukurasa umekwisha kabla sijaufungua kwenye simu ya Mama: kioo kina ufa, nafasi imejaa video za kwaya, mtandao wa kule unakuja na kuondoka. Ukifunguka pale, utafunguka popote.

Ukurasa wa majaribio una majina yetu. Siku zote naweka yetu. Valens anaandika "Bwana Fulani na Bibi Fulani", mimi mkono unakataa. Nimeandika: Christella na Valens. Siku ya posa, Jumamosi 28 Juni, nyumbani kwa Mama Athanasie, Gahanga. Kanisani, Jumamosi 2 Agosti. Tarehe nimezibuni tu. Haya, sikuzibuni sana. Ni Jumamosi nilizokuwa nimeshazitazama kwenye kalenda.

Nimechagua Kiswahili, kwa sababu Mama na mimi tulikisoma Buyenzi, Bujumbura, kabla ya kurudi huku. Valens anajua "habari" na "asante", basi.

Umefunguka mara moja! Hakuna neno lililokatika. Nimembusu Mama kichwani, nikawahi pikipiki.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Mungu wangu. Mungu wangu!

Sikuufunga ukurasa. Niliuacha wazi kwenye simu ya Mama, na Mama ameusoma.

Amepiga baada ya misa, moto! Wewe Christella, watu wanakuja kuposa kwangu na mimi naambiwa na simu? Gufata irembo iko wapi? Waje kwanza wazee wawili wa upande wao, wasimame langoni, waseme wanatafuta nini, na mimi nijifanye sielewi — ndiyo heshima hiyo! Ninyi mnatuma linki!

Kabla sijafungua mdomo, akalainika. Akasema basi, dunia imebadilika, anatusamehe. Akasema Baba angefurahi. Akasema amesoma yote mwenyewe, hata miwani hakuvaa. "Maandishi yamekuja makubwa, mwanangu, kama yameandikwa kwa ajili yangu." Akaanza kulia. Halafu, huku analia, akaniambia ameshautuma kwa kwaya yote. Kuna pale pa kutuma, alisema, ni rahisi sana.

Ni rahisi kwa sababu nilipafanya rahisi! Wiki nzima nilihangaika napo.

Nilitakiwa kusema: Mama, ni majaribio. Maneno matatu. Nikasema: asante, Mama.

Kwa sababu alikuwa na furaha. Na kwa sababu nilitaka kusikia jinsi inavyosikika.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemwambia Valens. Nilifikiri atacheka. Au — haya, niandike, nani atasoma — nilifikiri atasema basi tuifanye iwe kweli. Hakucheka. Aliuliza kitu kimoja: imefika Kanombe? Nikasema haijafika, ni kwaya ya Gahanga tu. Akashusha pumzi.

Nikauliza niufute ukurasa? Akasema acha kwanza. Tutaona.

Tutaona! Mtu asiyetaka angesema futa. Si ndiyo? Nimeosha vyombo vyote nikiimba, mpaka seremala akanipigia makofi kutoka chini.

Ijumaa, 13 Juni

Majibu yanaingia. Kwaya yote: nitakuja, nitakuja, nitakuja. Mukashema, jirani wa Mama, ameandika anakuja na nyumba nzima, na masufuria yake makubwa analeta mapema.

Valens yuko Kanombe.

Jumanne, 17 Juni

Tumefungua kwa wateja jana. Maharusi wa kweli! Wanaingia wenyewe, wanajaza wenyewe. Chini ya kila ukurasa kuna namba ya msaada, na namba ni yangu. Leo mmoja aliuliza kama anaweza kuweka picha ya ng'ombe wa mahari. Nikasema unaweza, dada, hata ndama.

Nina usingizi na nina furaha. Valens hakula chakula cha mchana. Anasema ni uchovu.

Alhamisi, 19 Juni

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye simu.

Imelia nikiwa nakunywa chai. Msichana, sauti nzuri, ana adabu. Anaitwa Kamikazi, yuko Kanombe. Akaniita dada. Alisema tovuti ni nzuri sana, ila kwenye simu yake picha ya mchumba wake inakatwa kwenye paji la uso. Anaonekana nusu kichwa, shangazi zake wanamcheka. Nikacheka na mimi. Tukacheka wote wawili! Nikamwambia subiri, nafungua.

Nikafungua.

Valens. Amevaa shati la bluu. Shati hilo nilinunua mimi, Krismasi. Posa: ilishafanyika, Mei. Kanisani: Jumamosi 9 Agosti.

"Dada, upo?" Nipo. Akauliza kama ni tatizo kubwa. Nikasema hapana, ni dogo. Na nikalirekebisha. Niliishusha picha polepole mpaka paji likaingia lote, na nywele, na ile alama juu ya nyusi aliyoipata utotoni kwa kuanguka. Nikamwambia afungue tena. Akapiga kelele ya furaha. Sasa ndiye yeye mwenyewe, akasema, Mungu akubariki dada.

Hana kosa. Ningependa awe nalo. Hana.

Valens alisahau kwamba namba ya chini ni yangu. Siku zote hatazami chini ya ukurasa.

Chai imepoa. Nimemrekebishia picha — mimi!

Ijumaa, 20 Juni

Alikuja saa tatu na chapati mbili kwenye mfuko, kama kawaida yake. Nikamgeuzia kioo. Akakaa.

Maneno yake, kwa ufupi: Baba yake na baba wa yule wamefanya kazi pamoja uwanja wa ndege tangu zamani. Familia zilishapatana. Hakupata pa kusimama akasema hapana. Alitaka kuniambia baada ya kufungua tovuti. Baada ya kufungua tovuti! Yaani nimalize kazi kwanza.

Nikamuuliza: unampenda? Akasema, bado sijui. Nikamuuliza: na mimi je? Akaangalia viatu vyake, akasema hivyo hivyo. Wallahi, hivyo hivyo! Neno lile lile nililokataa kumpa kitufe.

Nilimtupia chaja. Ilimpata begani. Nyundo ya seremala ilinyamaza chini.

Akauliza mama yangu atasemaje. Nikamwambia jina la mama yangu asilitaje.

Amechukua kompyuta yake na kwenda. Chapati ameziacha. Moyo wangu unauma, si maneno, unauma kweli, hapa chini ya mbavu, kila nikivuta pumzi. Nampenda mpumbavu yule. Bado nampenda, na ndilo linalonitia hasira zaidi.

Jumamosi, 21 Juni

Nimeenda Gahanga kumwambia Mama. Njiani nimejisemea maneno yote.

Mama amepaka ukuta wa mbele chokaa. Mwenyewe, na ngazi ya Mukashema! Ana chokaa kwenye kope. Ametoa mushanana aliyoolewa nayo, ameipiga pasi, akanivisha juu ya suruali yangu, akanizungusha mara mbili. Akaniuliza kwa nini nimekonda. Nikasema kazi.

Nimerudi sijasema.

Jumatatu, 23 Juni

Nimeufuta. Asubuhi, mara moja, bila kufikiri. Ukurasa haupo, mambo yamekwisha, watu wataelewa.

Baadaye Mama akapiga. Si ile sauti yake ya furaha, ni sauti ndogo. Mwanangu, simu yangu imeharibika. Kila asubuhi nafungua ukurasa wenu kabla ya sala, leo inaleta weupe tu. Labda niliishika na mikono ya maji. Usinikasirikie. Sasa hivi naipeleka kwa fundi wa simu pale senta.

Anaomba msamaha. Yeye! Kwangu mimi!

Nimekaa sakafuni na kulia kwa sauti. Seremala amepanda ngazi, akabisha, akaacha chupa ya maji mlangoni, akashuka.

Jumanne, 24 Juni

Nimeurudisha. Kwa nini? Ili simu ya Mama iwe nzima. Sina sababu nyingine ya maana.

Mama ameandika: Umerudi! Mungu ni mwema.

Ijumaa, 27 Juni. Gahanga

Kesho ndiyo Jumamosi.

Nimefika asubuhi. Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikakaa kwenye kigoda, nikachukua kisu cha pili, nikasema yote. Majaribio. Kanombe. Kamikazi. Picha. Sikulia, nilimenya. Mama naye alimenya. Ndizi hii, ndizi ile, maganda yanaanguka.

Nikasema Mama, sema kitu. Nitukane.

Akasema alijua. Tangu siku ile ya simu. Fundi wa senta aliigeuza huku na huku, akamwambia: mama, simu yako ni nzima, ukurasa wameufuta wenyewe. Akarudi nyumbani kwa miguu, hakutaka pikipiki, hakutaka mtu amuone uso.

"Halafu kesho yake ukarudi. Nikasema, labda wamepatana."

Labda wamepatana! Mimi ndiye niliyempa tumaini hilo. Nilifikiri natengeneza simu. Siku tatu amekaa nalo, akimenya, akifagia, hakuthubutu kuniuliza. Nikaweka kisu chini. Nikalia kwenye kanga yake kama mtoto, na yeye mikono yake ilikuwa na utomvu wa ndizi, akaiinua juu ili asinichafue, akanikumbatia na viwiko.

Baadaye akafuta mikono, akatoa simu mfukoni. Akaifungua. Ukurasa ulifunguka mara moja, hata na mtandao huu. Majina yetu makubwa, chini yake tarehe ya kesho, chini yake vitufe vyangu viwili.

Akaniuliza: "Mimi mwenye nyumba, nibonyeze kipi?"

Niliwafikiria wageni wote, simu zote, vidole vyote. Mwenye nyumba sikumfikiria.

Akabonyeza cha kijivu. Hakukosea, hakikoseki. Maneno yakaja, yale niliyoyaandika mwenyewe Aprili, Valens ameegemea bega langu, ananiuliza hii maana yake nini, na hii. Mama akayasoma kwa sauti, bila miwani, polepole kama anavyosoma somo kanisani:

"Asante kwa kutujulisha. Tutakukosa sana siku hiyo. Christella na Valens."

Nimekimbilia chumbani. Naandika kitandani, mushanana imetundikwa mbele yangu.

Kuna mtu langoni. Ni Mukashema — sauti yake inajaza ua. Ameleta masufuria, na mwanamke mwingine yuko nyuma yake na mengine. Anaita: Mama Bibi Harusi, tuyaweke wapi?