Sombe Haimo Kwenye Kamusi ya Anselmi

Baba,

Shikamoo. Nianze na habari itakayokuudhi: Anselmi ndiye mwenyekiti wa chama chetu cha kupanga maneno kwa vibao vya herufi sasa. Yule yule mkaguzi wa shule mstaafu, aliyekuwa anashika herufi zake kama mtu anayeficha mtihani. Hatukumchagua. Arobaini yako ilipokwisha tulirudi mezani pale kwa fundi seremala, Jumapili baada ya misa kama kawaida, tukamkuta ameshakaa kwenye kiti chako. Na kamusi mapajani.

Akatutangazia kwamba mchezo wa maneno ulikuwa hauna utaratibu. Baba, hivyo vibao vya mninga ulivichonga mwenyewe ukiwa mkuu wa stesheni Tura, ukingoja treni zilizochelewa, ukachoma kila herufi kwa msumari wa moto. Yeye hata mguu wa stuli hajawahi kuchonga. Akaunda Kamati ya Maneno ya watu watatu: yeye, shemeji yake, na ile kamusi.

Kamati ikafuta michembe. Ikafuta matobolwa. Viazi vya kukausha vilivyomlea mpaka akapata nguvu ya kushika kalamu nyekundu, leo eti si Kiswahili! Halafu wiki hiyohiyo akapanga "demani." Tukamuuliza ni nini. Ikabidi afungue kitabu, atusomee: ni kamba ya tanga la chombo cha baharini. Tabora hii, Baba. Bahari tunaisikia redioni. Akajipa alama zote, akafuta miwani.

Nilijua tatizo lake. Miaka yote hakuwahi kukushinda hata mara moja, sasa kaona njia nyepesi ni kuyapunguza maneno mpaka yabaki anayoyajua yeye.

Wewe ulikuwa unauliza swali moja tu: "Nani mwingine analijua?" Wakijitokeza wawili, limepita. Hukunipendelea hata mimi. Nakumbuka niliporudi kutoka Dar na "mchongo" wangu, yaani dili, ukauliza, hakujitokeza hata mmoja, ukaniondolea vibao huku unacheka. Nilinuna mpaka Jumatano. Mwaka uliofuata fundi mwenyewe na nusu ya meza wanalisema kutwa, ukalipitisha bila mimi kukukumbusha. Nilikupenda sana siku ile. Sikukwambia.

Sasa nikwambie lililotokea, na usinikasirikie kabla hujafika mwisho.

Mama Yosefina, yule wa Ulyankulu anayeuza vitenge sokoni, alipanga "sombe." Fundi akatikisa kichwa kukubali, mimi pia nalijua, nani asiyelijua? Anselmi akapekua kurasa, akapekua tena, akasema, "Hapa tunasema kisamvu. Hilo la kwenu huko."

Mama Yosefina akauliza taratibu, "Kwetu wapi?"

"Burundi."

"Nimezaliwa Ulyankulu, mkoa huuhuu, Bwana Anselmi. Burundi nimeisikia kwa bibi yangu, aliyekimbilia hapa."

Yule mzee akamjibu bila hata kuinua macho: "Kuzaliwa ni kitu kingine."

Mama Yosefina akavirudisha vibao vyake kimoja kimoja kwenye mfuko wa mchezo, akachukua mkoba, akaondoka.

Na mimi, Baba. Mimi nilikaa kimya. Nilikuwa na herufi nzuri mkononi, nikaogopa mchezo usije ukavunjika. Namdharau Anselmi kwa moyo wote, lakini dharau ya siku ile, kubwa zaidi, ilikuwa ya kujidharau mimi mwenyewe; nilirudi nayo nyumbani, nikalala nayo.

Jumapili iliyofuata sikukaa. Nilisimama mbele ya meza, nikakusanya vibao vyote, hata alivyokuwa ameshika yeye. Akasema, "Skolastika, hii ni mali ya chama." Nikamwambia, "Ni mali ya baba yangu. Chama kina kamusi, chezeni nayo." Akasema watanunua vya plastiki. Nadhani hivyo vitamfaa.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mama Yosefina. Nilipanga maneno marefu ya kuomba radhi, nikafika mlangoni yakapotea yote. Nikasema tu, "Mama, nilikaa kimya." Akasema, "Nilikuona." Halafu akavuta mkeka.

Siku hizi tunachezea kwenye baraza lake. Fundi alikuja wiki ya pili. Wiki ya nne, nani tunamwona getini? Mwenyekiti, kamusi yake kwapani, shemeji kamkimbia. Mimi ningemwacha pale pale ajisomee kamba zake za tanga. Mama Yosefina akamkaribisha, akampa kiti na sahani ya wali na sombe. Akala, akaongeza. Mama Yosefina akamuuliza kwa upole, "Hii inaitwaje, Bwana Anselmi?"

Akatafuna weee, akameza.

"Mboga," akasema.

Mama Yosefina hakucheka. Mimi nilikimbilia uani kucheka.

Anakuja bado. Hawezi kumuomba radhi mtu, hajui neno lake linaanza na herufi gani. Usinitume nimsamehe, Baba, hilo halimo uwezoni mwangu na sikuahidi. Ninachokuahidi ni hiki: mtu mwingine akiambiwa mbele yangu kwamba hapa si kwao, nitasema palepale, wakati mwenyewe bado amekaa anasikia.

Mama anakusalimu. Koti lako la stesheni bado hataki liguswe.

Lala salama, Baba yangu.

Binti yako,
Skola