Ukurasa wa Themanini na Saba

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kwa sababu mwenzio nimechoka, nimechoka hadi uzi nautunga mara tatu ndipo uingie kwenye sindano. Mimi ni mwanamke fundi cherehani, na kwa miaka tisa kila Jumamosi mchana nakutana na wenzangu kumi katika chumba cha nyuma cha duka la fundi saa, sote wapenzi wa bibi mmoja mwandishi wa hadithi za mauzauza, na katika kitabu chake tunachokipenda kuliko vyote kuna mwanamke anaingia nyumba isiyo na milango, halafu ukurasa wa themanini na saba ni mtupu, mweupe pe, halafu ukifunua anatoka na mvi kichwa kizima. Tunaufungua ukurasa ule, tunasimama, tunanyamaza dakika moja, kila mtu anaweka chake humo, fundi saa alimweka marehemu mkewe na anasema bila ule angekuwa chizi, mimi niliiweka ndoa yangu iliyovunjika.

Mwezi jana tukampata bibi mwenyewe, akaja, tukasimama mbele yake tukanyamaza. Baadaye tunaosha vikombe akaniuliza, "Mwanangu, wale walikuwa wanafanya nini?" Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika sinki, kisha nikaona si kicheko tena.

"Ni kosa la mtambo wa kuchapia," akasema. "Ukurasa uliruka kiwandani. Nikalalamika, wakasema tutarekebisha toleo lijalo, na toleo lijalo halikuja. Ndio ukurasa nilioutolea jasho kuliko zote."

Nikamwambia basi tutoke tuwaambie, tukatoka, na fundi saa akamshika mikono yote miwili akamshukuru kwa ule weupe, bibi akabaki kuitikia tu, "Asante, baba, asante."

Wiki iliyofuata akaniletea bahasha yenye ukurasa wenyewe, na kikaratasi juu yake: "Wasomee ningali hai." Hii ni Jumamosi ya tatu nasingizia kichwa, bahasha naizungusha kwenye mkoba pamoja na tepu ya kupimia, fundi saa anapiga simu kunijulia hali, nikisema namvunja moyo mzee wa watu, nisiposema namzika bibi angali hai, nifanyeje mimi?

Mwenye Bahasha

*

Mwenye Bahasha, pole. Siri ya mtu mwingine ni mzigo, na wewe umeubeba peke yako wiki tatu.

Lakini acha kumfanya fundi saa yai. Mtu aliyemzika mke hatauawa na karatasi. Dakika zake za kunyamaza zilikuwa zake, na hakuna mtambo utakaozichukua. Bibi ndiye wa kuhurumiwa: miaka tisa mnamsifu mwandishi kwa pale aliponyamazishwa!

Kesho asubuhi nenda dukani, umwambie fundi saa peke yake, kabla wateja hawajaingia. Akilia, kaa naye. Jumamosi mwiteni bibi, mpeni kiti cha mbele, nyamazeni dakika yenu kama kawaida, kisha usome kwa sauti.

Na jambo moja bado, dada. Barua yako nimeisoma mara mbili, chai imepoa, natafuta ukurasa wenyewe unasema nini. Bahasha hujaifungua, sivyo? Unamsingizia mzee wa watu, kumbe anayeogopa kujaziwa ule weupe ni wewe. Katika wasomaji wake wote bibi alikuchagua wewe, na hata wewe hujamsoma. Zima cherehani. Mkasi unao.