Jina la Bibi Shuvai Limerudi Nyumbani

Dangamvura,
Mutare.
9 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi Nyengeterai,

Shikamoo. Makofi ya heshima ninakupigia hapa hapa mezani, ingawa huko Perth hayatafika. Hujambo? Mama anauliza kama lile goti bado linakusumbua baridi ikizidi.

Sisi tu wazima wa mwili. Mama anakula kidogo, ila ulimi wake haujapungua. Jana alinifukuza jikoni, eti ugali wangu wa sadza hata mbwa wa jirani angeomba radhi asile.

Shangazi, roho ya marehemu kaka Zivanai tumeirudisha nyumbani kwa tambiko. Pombe ya tambiko iliiva vizuri, makaburini tulikwenda alfajiri, na Shangazi Kundishora alisimama mahali pako. Wakwe zetu walimwigiza marehemu kama kawaida yao. Mmoja alikunja mgongo juu ya ungo kana kwamba ni kompyuta, akafoka, "Msinisumbue, zahanati ya kule mlimani inaniita!" Tulicheka hadi tukalia, na mimi kulia kwenyewe sikuweza kuacha tena.

Sasa nikueleze habari ya lile jina tuliloligombania kwa simu hadi salio likatuishia.

Unajua kaka alivyokuwa. Ile programu ya zahanati, ya kujulishana dawa gani inakwisha wapi ili jirani amkopeshe jirani, aliitengeneza akaiacha huria mtandaoni, yeyote aichukue na kuirekebisha. Kazi aliitoa bure. Jina ndilo lililobaki mkononi mwake, na ni jina la mama yako, Shuvai, kwa sababu bibi hakumsalimu mtu kabla ya kumuuliza, "Chumvi imebaki?" Programu nayo ikifunguliwa iliuliza hivyo hivyo.

Alipofariki kazi ililala. Simu zilibadilika, programu haikubadilika, wauguzi wakaanza kuiacha. Ndipo Mthulisi, yule kijana wa Bulawayo aliyekuwa akimsaidia, akatuandikia kwa adabu zote. Yeye na wenzake wangeifufua, ila waliomba waendelee kuiita Shuvai, nasi tuwape funguo za ukurasa wake wa mtandaoni. Baba mdogo Mavhuto akasema, "Vitu vya marehemu havigawiwi kabla hajarudishwa nyumbani. Angoje, kama sisi tunavyongoja." Nawe ukaniambia, "Jina la mama yangu nitampa mtu ninayeujua ukoo wake." Sikubishana. Nani hubishana na shangazi?

Basi tukangoja. Mwaka jana ulezi wa pombe tulikuwa tumeshautenga tukikungoja wewe, kazini kwako wakakupa likizo Novemba, na Novemba kwetu ni mwezi wa mwiko, hata kuku wa tambiko hachinjwi. Sikulaumu, wakubwa wako wa kazi wataujuaje mwezi wetu? Lakini sherehe ilisogea hadi mvua zipite na mavuno yaingie. Mthulisi aliandika tena, akaandika tena, kisha akanyamaza.

Mwezi wa tatu mke wa mzee Gwenzi aliishiwa dawa ya kifafa, na zahanati ya kijijini haikuwa nayo. Alianguka jikoni, mkono wake ukaungua vibaya. Dawa ile ile ilikuwa imejaa kabatini ng'ambo ya mto, na hakuna aliyejua. Habari ilipomfikia Mthulisi hakungoja tena. Walichukua kazi, wakaifufua, wakaipa jina jingine. Sasa inaitwa Dura, ghala la nafaka. Haki hiyo walikuwa nayo, Zivanai mwenyewe aliwapa.

Kwa hiyo siku ya kugawa vitu vya marehemu, zamu ya jina ilipofika, mpwa wetu Taurai, aliyesimamia mgao, alitania, "Na hili la kompyuta nalitia kikapuni au mfukoni?" Watu wakacheka. Kisha akanipigisha magoti, akasema, "Maidei, Shuvai ni lako. Litunze." Wanawake wakapiga vigelegele. Nikaondoka pale nimeshika jina ambalo ndani yake hamna kazi tena. Mama akauliza taratibu, "Sasa litaitwa wapi?" Iliniuma, Shangazi, na bado inaniuma.

Kesho yake nilimsindikiza mama zahanati kuchukua dawa ya presha. Muuguzi akaifungua hiyo Dura. Neno la kwanza kutokea kwenye kioo lilikuwa, "Chumvi imebaki?" Mthulisi hakulifuta. Mama alilisoma, akaketi kwenye benchi, akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. Muuguzi alidhani ni presha.

Sasa ombi langu. Zipo zahanati zinazoitafuta bado kwa jina la zamani, zinakuta mlango umefungwa. Funguo ninazo mimi peke yangu. Nataka kuandika pale mstari mmoja tu, kwamba kazi ya Shuvai sasa iko kwa Dura, waende huko. Baba mdogo Mavhuto anasema nikifanya hivyo nitakuwa nimeliua jina. Mimi namkumbuka bibi. Hakuwa na chumvi kila siku, lakini aliyebisha hodi kwake hakuondoka bila kuelekezwa kwa mwenye nayo.

Ni mama yako, kwa hiyo neno ni lako. Nakuomba tu, Shangazi, safari hii lisingoje likizo.

Nisalimie mjomba Garikai na binamu zangu wote. Mama, Shangazi Kundishora na hata baba mdogo Mavhuto, kwa ukali wake, wanakusalimu. Mungu akutunze, na waliotutangulia wakulinde katika nchi ya watu.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata ninapokulalamikia,

Maidei