Moshi wa Masunga

Zuleha mwenzangu, sijakaa sawa tangu nitoke uwanja wa ndege. Masunga, jirani yangu hapa Misunkumilo, kaponzwa na wema wake!

Wale wataalamu wa injini mpya ya ndege walikuja jana zizini kwake, kando tu ya uwanja, kupima hewa kabla hawajaiwasha. Nzi wakawasumbua. Masunga, roho yake unaijua, akawawashia kinyesi cha ng'ombe, moshi ukafukuza nzi. "Asante sana, mzee." Wakapima humohumo kwenye moshi!

Leo hakuwasha moto. Injini ikanguruma, wakapima tena. Mkubwa wao akacheka: "Mzee, injini yetu safi kuliko hewa yako!"

Safi kuliko hewa, Zuleha! Basi wataijaribia hapohapo kila siku, mwaka mzima.

Masunga akashtuka. "Jamani, jana mlipima moshi wangu!"

Mkubwa akamshika bega kwa upole. "Usiogope, mzee. Kipimo hakidanganyi."

Ahamie wapi? Nyumba kaijenga juzi tu, baada ya El Nino kuibomoa ile ya kwanza.

Jioni mjukuu wake Tereza akawa anakohoa. Masunga akampangusa pua.

"Babu, kesho watawasha tena?"

Masunga alikuwa anaitazama leso. Nyeusi tii.