Darasa Linalojibu kwa Vidole

Nyumba za Walimu,
Jumapili mchana.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi kitini, si umepanda ngazi kupigilia dari la watu, maana nakujua. Goti linaendeleaje? Kaka amenijulisha kwamba umerudi karakana kabla daktari hajakuruhusu, na kwamba aliyejaribu kukuzuia ulimwambia akanyooshe kwanza mbao zake. Sisi huku hatujambo. Mvua inanyesha na paa linavuja palepale.

Kaka aliandika na jambo jingine, na hilo ndilo lililonikalisha chini na kalamu, kwani ujumbe wa simu husomi, unasema herufi zake ni sisimizi. Anasema umemwambia hutanipigia tena. Eti mwanao sasa ni mwalimu wa chuo, amepata watu wa hadhi yake, simu ya seremala haishiki. Baba, nilisoma maneno hayo mara tatu nikalia kama mtoto. Nitakujibu, lakini nivumilie kwanza nikueleze kazi yangu, kwa sababu jibu limo humohumo.

Nafundisha wauguzi watarajiwa, tisini na wawili katika ukumbi mmoja, somo la dawa na vipimo vyake. Zamani nilikuwa nikiuliza swali wanajibu walewale watatu wa mbele, wengine wanahesabu feni. Mwaka jana nikabadili mtindo. Kila mwanafunzi anakuja na simu yake, na asiye nayo anaazimwa kishikwambi cha chuo, kile kifaa bapa kama kibao cha kukatia mboga. Vyote vimeunganishwa na kompyuta yangu. Natoa swali: mtoto ana kilo kumi na nne, apewe dawa kiasi gani? Wanabonyeza majibu, na ukutani zinasimama nguzo za rangi kuonyesha wangapi wamechagua lipi. Siwaambii nani kapatia. Kila mmoja anamgeukia jirani yake wanabishana, kisha wanabonyeza upya, na ungeona nguzo zinavyohama! Mwenye swali haniiti, ananiandikia, nami nalisoma kwenye skrini. Kuna binti mmoja anakaa nyuma kabisa, ana haya mpaka wenzake wanamwita Kimya. Huyo ndiye anayeniuliza maswali makali kuliko wote.

Mkuu wa chuo amefurahi kupita kiasi. Anawaambia walimu wengine waje wajifunze kwangu, ati nimeona mbali. Nami nikakubali kuvikwa kilemba cha ukoka.

Ila katika kila kipindi kuna dakika chache zinazoniumiza, nazo ni zile za kubishana. Nasimama mbele nikiangalia midomo ikienda mbio, mikono inarushwa, mtu anampiga mwenzake begani kwa kicheko, nami nawaonea wivu. Natamani anayecheka anieleze kinachomchekesha. Kisha wanabonyeza tena, nageukia ukutani, nasifu nguzo.

Wiki mbili zilizopita mkuu alileta wageni kutoka vyuo vingine waje waone maajabu. Swali la kwanza halijaisha, mtandao ukagoma. Nguzo zikaganda. Mkuu, ambaye alikuwa ameketi mstari wa mbele, akasema si neno, wanafunzi na waulize kwa mdomo kama enzi zetu. Nikajikaza kisabuni. Kule nyuma akasimama Kimya, akasema maneno machache. Nikatabasamu, nikamwambia swali lake ni zuri sana, amgeukie jirani yake walijadili.

Midomo yote ikasimama. Binti akachukua mkoba wake akatoka huku akifuta macho. Mwanafunzi wa mbele akanisogezea daftari lake, ameandika kwamba mwenzao alikuwa anaomba ruhusa, amepata habari baba yake amekimbizwa hospitali.

Nilitoka mbio nikawaacha wageni na mkuu wa chuo. Nilimkuta getini anasubiri gari, nikamwomba radhi, na yeye ndiye mtu wa kwanza kuambiwa hili ninalokuambia leo. Baba, sisikii. Sikio la kushoto lilianza mwaka juzi, la kulia likafuata. Daktari anasema mishipa inakufa na ikishakufa haifufuki. Kifaa alichonipa, ambacho nakificha chini ya kitambaa cha kichwa, kinaniletea vishindo, hakiniletei maneno. Mtu akiwa karibu penye mwanga namsoma midomo. Akiwa mbali, au akiwa kwenye simu, maji yamezidi unga. Zile simu na vishikwambi sikuvianzisha kwa kuona mbali. Nilitaka nisiulizwe kitu kwa mdomo, basi. Wahenga walishasema, mficha maradhi kilio humfichua.

Binti alinitazama, akatoa simu yake akaniandikia: nyumbani wanajua? Nikatikisa kichwa. Baba yake ameshapona, na mwenyewe amerudi darasani. Mkuu nilimweleza kesho yake. Alikuna kichwa, akasema darasa liendelee vilevile ila wanafunzi waambiwe ukweli. Nimewaambia. Umebaki wewe.

Kwa hiyo simu zako siziachi kwa kiburi. Mara ya mwisho niliyopokea nilisikia mvumo tu, nikabahatisha kwamba unatania kama kawaida yako, nikacheka. Ukakata simu. Mpaka leo sijui ulisema nini. Kaka naye nimeogopa kumuuliza, nisije nikatoboa siri yangu. Tangu mama atutoke nilikuwa na sauti yako tu ya kunirudisha nyumbani, na sasa naitafuta kichwani kila ninapoamka. Bado ipo, lakini inafifia, na hilo linanitisha kuliko kufukuzwa kazi.

Msalimie sana kaka, na wifi, na mafundi wote wa karakanani. Chuo kinafungwa mwisho wa mwezi, nami nakuja siku hiyohiyo. Nakuomba unipunguzie hayo masharubu, yameziba mdomo wa juu wote. Unikalishe mbele yako, dirishani, uniambie tena, polepole, yale niliyoyacheka.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba wako