Miaka Minane ya Kupaka

Jumatatu, 3 Machi
Watu wa bima wamenikataa. Mhojaji kaniuliza ningemshawishi vipi mtu asiye na hela anunue bima. Nikajibu ningemwacha anunue chakula. Akaweka kalamu chini. Haya, twende mbele.

Watu bado wanaoana, hilo sikatai. Ila hali ilivyo ngumu wanaoana bila keki. Ndiyo maana duka letu la keki limefungwa, na mimi mpambaji niko nyumbani napamba ukuta kwa macho.

Kaka kapiga simu. Eti kama hadi Ijumaa sijapata kazi, nirudishe funguo za chumba nilichopanga, nihamie kwake niwalee mapacha wake. Nawapenda wale watoto. Nawapenda zaidi nikiwa na pangu pa kurudi.

Jumanne, 4 Machi
Jirani yangu, mpakaji rangi, kanipa namba ya fundi mkuu anayetafuta mtu wa kupaka kuta lipu. Nikapiga. Kauliza nina uzoefu gani wa kupaka. Miaka minane, nikasema. Hakuuliza nilikuwa napaka nini, nami simwongezei mtu mzima maswali.

Majaribio kesho hadi Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi
Nyumba mpya, milango bado. Mafundi wanne, wote wanaume, na mimi. Fundi mkuu kanipa mwiko na ukuta wa stoo, pasipoonekana nikiharibu. Kumbe mkono unajua! Lipu ni krimu nzito isiyo na raha, basi. Kuvuta, kulaza, kunyoosha pembe — hayo ndiyo maisha yangu. Wakawa wanachungulia mmoja mmoja. Kichwa kikavimba.

Kisha nikalamba kidole.

Miaka yote hiyo nikimaliza pembe ya keki naonja. Mkono ulijiendea tu. Saruji! Nimetema na kusukutua hadi machozi. Mafundi wamekaa chini kwa kucheka, mmoja kauliza kama sukari imekolea. Ikabidi niseme kweli. Fundi mkuu hakucheka. Kasema tu, "Haya, Mama Keki, malizia."

Alhamisi, 6 Machi
Nimepewa sebule. Fundi mkuu kaonya: hapa tunanyoosha, hatupambi. Kidole nimekifunga kitambaa, kisije kikaniaibisha tena. Mgongo unauma hadi kwenye nywele.

Nataka kazi hii. Nimeshangaa kuiandika, lakini naitaka kweli.

Ijumaa, 7 Machi
Naandika nimekaa juu ya ndoo, na nimejiharibia.

Sebule ilikwisha asubuhi. Pimamaji limekubali, ukuta umenyooka. Ndoo ikabaki na jasi kidogo ya kulainishia ukuta, laini, inateleza. Nilipozinduka nina mfuko wa nailoni uliokatwa pembe kama wa krimu mkononi, na juu ya mlango kuna mawaridi matatu na majani yake. Wallahi sikumbuki kuamua.

Nikachukua mwiko nikwangue. Nikachelewa — mama mwenye nyumba huyo kaingia na fundi mkuu.

Wamesimama chini ya mlango. Wanatazama mawaridi. Mama wa watu kapanda kwenye stuli, kagusa jani kwa ncha ya kidole. Kaka kapiga mara mbili, simu nimeikalia.

Mama kamnong'oneza fundi mkuu. Sijasikia neno.

"Fundi!" fundi mkuu kaita.

Mafundi wote wanne wamegeuka. Kawatikisia kichwa: siyo nyie.

Nami nimetazama nyuma nijue anaitwa nani. Nyuma yangu kuna ukuta tu.